Hoja moja, kura chache: mwongozo wa kusikika kwenye uchaguzi, kutoka mwalo wa Kibirizi

Kila baada ya uchaguzi, hapa Kibirizi, mwalo wa Kigoma Mjini ambako vyombo vya uvuvi hushusha samaki, utawakuta watu watatu wanne wamekaa juu ya kreti tupu wanasema neno lile lile: "Jamani, tuanzishe chama chetu." Chama cha wavuvi. Wengine wameshachagua hadi rangi ya bendera. Nami nilikuwa mmoja wao. Nimegombea mara moja na mara hiyo hiyo nikaenguliwa, nimekaa wakala wa chama kidogo mara mbili, na sasa nakwambia bendera inunue mwisho kabisa.

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye hoja moja inayomnyima usingizi. Yaweza kuwa bei ya tumbaku kule Urambo, au maji Kasulu, au usafiri wa meli kwa watu wa Kalya. Yetu sisi ni ziwa kufungwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Sipingi kufunga, maana samaki wetu migebuka ilivyokuwa inapungua nimeiona kwa macho yangu. Ninachouliza ni hiki: miezi mitatu hiyo, mvuvi wa kulipwa kwa mgawo, asiye na chombo wala shamba, ale nini? Nitautumia mfano huu mwanzo hadi mwisho. Wewe weka wa kwako.

(Watu wazima wa hapa wakisoma neno "mwongozo" wataanza kufikiria MV Mwongozo, meli ya ziwa letu. Radhi zenu. Huu hauna nanga.)

Hatua ya 1: Ikate hoja mpaka itoshe pumzi moja

"Maslahi ya wavuvi" si hoja, ni kapu. Kila mgombea atakubali kapu lako na kulitia chini ya meza. Nenda kwa mama anayeanika dagaa, mwambie unachotaka, kisha kaa pembeni umsikilize akimweleza mwenzake. Akikipotosha, kosa ni lako. Sisi tulianza na mambo kumi na moja, pamoja na injini, ushuru wa mwalo na choo cha sokoni. Yule mama alikumbuka choo tu.

Ukishaikata, tafuta nani ameshika ufunguo wake. Hapa ndipo vikundi vingi vinapopotea. Ziwa letu ni la nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Tarehe za kulifunga hazipangwi na diwani wa Kibirizi. Ukimwomba afungue ziwa atakuitikia bila kusita, kwa kuwa ahadi ya kitu usichokimiliki haikugharimu. Lakini diwani huyo huyo anakaa kwenye baraza linalosimamia asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayokopeshwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Basi mwombe kitu kilicho mkononi mwake: fungu la vikundi vya wavuvi na waanika dagaa litoke kabla ya Mei, lisitoke Septemba watu wakiwa wameshauza nyavu. Mbunge mwombe kingine. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi Juni, na tarehe 15 Mei imo humo humo. Swali la mvuvi wa mgawo lina mahali pake pa kuulizwa na lina wiki zake.

Kwa hiyo hoja ni moja, ila maombi ni mawili, na kila ombi lina mwenyewe.

Hatua ya 2: Soma sheria kabla ya kushona bendera

Katiba yetu, ibara ya 20, inakataza kusajiliwa chama kinachotetea dini fulani, kabila, watu wa mahali fulani walikotoka, au eneo fulani tu la nchi. "Chama cha Wavuvi wa Kigoma" kimeshakufa kwa jina lake. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inaongeza kwamba ili kupata usajili wa kudumu lazima uwe na wanachama wasiopungua 200 wenye sifa ya kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua kumi, na miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Usajili wa muda ni siku 180. Zikiisha hujatimiza, umerudi kwenye kreti.

Ila usitupe kalamu haraka. Wavuvi wako Mwanza, Mara, Kagera na Geita. Wako Katavi na Rukwa kwenye ziwa hili hili, wako Nyasa, wako Tanga na Mtwara, na Pemba ndiyo usiseme. Mtu wa hoja ya uvuvi anaweza kupata mikoa kumi, jambo ambalo mtu wa tumbaku hataliweza, kwa sababu hakuna shamba la tumbaku Wete, kule Pemba. Lakini mvuvi wa Wete hana habari na kufungwa kwa Tanganyika. Atataka hoja yake iingie, wa Ukerewe naye yake, na kabla siku 180 hazijaisha mna kapu tena.

Kugombea bila chama haiwezekani. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilimkatalia, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, ikampa haki. Hata hivyo mgombea bado anatakiwa awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho.

Zimebaki njia tatu: kuanzisha chama, kuingia kwenye chama kidogo kilichopo ukaifanya hoja yako kuwa uti wake, au kubaki kikundi kinachoazimisha kura zake kwa mkataba. Mimi ni mtu wa njia ya tatu. Nitakwambia na upande wa pili, usije ukasema nimekuficha. Kigoma haijawahi kuogopa vyama vidogo. Dk. Aman Walid Kabourou aliingia bungeni mwaka 1995 kwa CHADEMA, wakati ambapo chama hicho wengi nchini walikuwa hawajakijua. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilishinda majimbo manne nchi nzima, yote ya mkoa huu: Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Muhambwe na Kigoma Kusini. Mwaka 2015 kiti pekee cha jimbo ilichopata ACT-Wazalendo kilikuwa hapa Kigoma Mjini, kwa Zitto Kabwe. Lakini mwaka huo huo yale majimbo manne ya NCCR yote yalikuwa yameondoka mkononi mwake. Nijuavyo mimi, watu walichagua mtu na hasira ya wakati ule. Hakuna aliyechagua hoja moja, na hasira haidumu miaka mitano.

Hatua ya 3: Hesabu

Hapa tukae kidogo.

Uholanzi, nchi nzima ni kama jimbo moja lenye viti 150. Ukipata takribani sehemu moja ya 150 ya kura zote, una kiti. Ndiyo maana mwaka 2006 chama cha kutetea wanyama, Partij voor de Dieren, kiliingia bungeni na viti viwili. Kura zake ziliokotwa kidogo kidogo kila mji zikajumlishwa. Kwetu hazijumlishwi. Jimbo ni la aliyetangulia, hata kwa kura moja. Kura 300 za wavuvi Kigoma, 300 Nkasi na 300 Nyasa hazikutani popote. Hata viti maalumu vya wanawake vinataka chama kipate walau asilimia 5 ya kura za ubunge nchi nzima.

Uingereza wanahesabu kama sisi. Mwaka 2015 UKIP, chama kilichojengwa juu ya hoja ya kutoka Umoja wa Ulaya, kilipata zaidi ya asilimia 12 ya kura na kuambulia kiti kimoja kati ya 650. Ungecheka. Lakini kabla ya hapo, hofu ya kunyang'anywa kura na chama hicho ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomsukuma waziri mkuu David Cameron kuahidi kura ya maoni. Ikapigwa 23 Juni 2016, na nchi ikatoka. Jamaa walikosa majimbo, wakapata walichokuwa wanakitaka, kwa kuwa tishio kwenye majimbo ya wenzao.

Kwa hiyo usijiulize tutashinda wapi. Uliza nani anashinda kwa kuponea chupuchupu. Chukua matokeo ya udiwani ya kata yako. Hubandikwa vituoni, na mawakala hupewa nakala, kwa hiyo anza kwa waliokuwa mawakala. Tuseme kwa mfano mshindi alipata 1,700 na wa pili 1,550. Tofauti ni 150. Watu wengi hapo watasema wanahitaji kura 151. Hapana. Ukiwahamisha watu 76 kutoka kwa mshindi kwenda kwa wa pili, yule anabaki na 1,624 na huyu anafika 1,626. Watu 76! Chombo kimoja cha kuvulia dagaa kwa taa kinabeba watu watano au sita. Vyombo kumi na vitatu hadi kumi na sita vimebeba diwani.

Sasa ukweli mchungu. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa vikilalamikia wagombea wao kuenguliwa, na mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ya kura. Mahali ambapo hakuna wa pili, hesabu yangu ya 76 haina kazi. Hapo angalia kura za maoni za kumpata mgombea ndani ya chama chenye nguvu, kwa sababu mara nyingi ndiko penye tofauti ndogo. Wenye kadi ya chama hicho ndani ya kikundi chenu wanakuwa watu wa maana kuliko nyote, hata kama hamuwapendi sana. Sisi tulikuwa tunawaita wasaliti. Baadaye tukawafanya makatibu.

Hatua ya 4: Fuata mwezi

Hili hutalisikia kwenye semina za mjini. Dagaa wa usiku wanavuliwa kwa taa, na taa haifanyi kazi mbalamwezi ikiwa kali. Siku za kuzunguka mwezi mpevu mvuvi yuko nyumbani, anashona wavu, anacheza bao, ana muda wa kukusikiliza. Siku za giza anarudi alfajiri, anauza, analala. Ukimwita mkutanoni saa nne asubuhi wakati wa giza utahutubia watoto na bata.

Chukua kalenda ya uchaguzi na kalenda ya mwezi, uziweke pamoja. Uchaguzi mkuu wa 28 Oktoba 2020 ulikuja siku tatu kabla ya mwezi mpevu, wavuvi wakiwa nchi kavu. Ule wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 ulikuja siku chache kabla ya mwezi mwandamo, giza totoro, siku ambazo mwenye chombo hawezi kukubali chombo kilale. Siku kama hiyo kura zako zinapotea bila kuibwa na mtu. Dawa yake ni kuzungumza na wenye vyombo wiki mbili kabla: usiku wa kuamkia kura watu wasishuke ziwani, au warudi mapema na wote waende kituoni kwanza, mnada wa samaki baadaye. Wenye vyombo wawili wakikubali, wengine wataona aibu.

Hatua ya 5: Daftari

Kadi ya mpiga kura ya Tume ya Uchaguzi ni ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji una orodha yake, inayoandikishwa kivyake. Mwaka 2024 iliandikishwa 11 hadi 20 Oktoba na baada ya hapo hakuna kubembeleza. Nimewaona watu wazima wakipeperusha kadi ya Tume mlangoni wakirudishwa.

Jambo la pili ni kambi: mvuvi analala mwaloni, kwao ni kwingine. Tume ilizindua uboreshaji wa daftari lake hapa hapa Kigoma tarehe 20 Julai 2024, ziwa likiwa limefungwa. Vijana niliowajua mimi walikuwa wamerudi kwao Buhigwe na Kasulu kulima, wakajiandikisha huko. Kura zao zikabaki milimani na miili yao ikarudi mwaloni. Andikeni daftari lenu la kikundi: jina, chombo, na kituo ambako jina limo. Wasio na kituo hapa msiwahesabu kwenye wale 76.

Hatua ya 6: Mkataba wa ukurasa mmoja

Mkishajua idadi yenu halisi, waiteni wagombea. Mmoja mmoja, na wote wenye nafasi, hata yule msiyemtaka. Aliyepitwa na mwaliko atasema mmenunuliwa. Msiwaite kwa jina la kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, BMU. Chombo hicho ni cha usimamizi wa uvuvi, na mkikitia siasa mtakivunja. Kaeni kama watu wenye hoja.

Wetu wa kwanza alikuja saa kumi jioni na wapambe wanne. Tulimkalisha kwenye benchi chini ya mwembe, nyuma ya vichanja. Akaongea vizuri sana kuhusu viwanda. Alipomaliza, Mzee wetu, mwenye chombo wa siku nyingi, akamwambia: "Mwanangu, hayo ya viwanda Mungu akujalie. Sisi tuna sentensi mbili tu. Tukusomee?" Nikasoma. Akasema ni mambo mazuri, ameyapokea. Mzee akasukuma karatasi na kalamu. Akamwangalia mpambe wake. Mpambe akachomoa bahasha, "ya mafuta ya wazee," akaiweka juu ya karatasi.

Hapo ndipo kikundi kinapokufa au kuishi. Ukiacha kwamba Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inakataza kuwapa wapiga kura zawadi ili wakuchague, bahasha ikipokelewa deni limelipwa na mgombea hana tena anachodaiwa. Mzee akaisogeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa nzi kwenye mboga, akasema, "Hii imeanguka kutoka kwako." Yule hakusaini siku ile. Wa pili alisaini, na akasaini harakaharaka juu ya kreti iliyokuwa na migebuka asubuhi, karatasi ikapata doa la mafuta ubavuni. Siku ya tatu wa kwanza akarudi mwenyewe bila wapambe.

Andika haya matatu tu: atafanya nini, kwenye kikao gani, na kabla ya tarehe gani. Nanyi andikeni mtakachofanya. Msiandike idadi ya kura mtakazompa, maana kura ni ya siri na hamna mamlaka nayo. Andikeni kwamba mtamtangaza aliyesaini na asiyesaini. Kisha isomeni kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa, watu wasikie na mtendaji aandike kwenye muhtasari. Mahakamani haina nguvu. Mwaloni inayo.

Hatua ya 7: Mkiamua kugombea, fomu

Kuna wakati wagombea wote watakataa kusaini. Hapo chama kidogo kilichosajiliwa kinaweza kuwapa tiketi, na mgombea wenu anaingia si kushinda bali kuwaonyesha wale wawili tofauti yao ilivyo nyembamba. Nilifanya hivyo kwenye uenyekiti wa mtaa. Kadi yangu ya chama ilisema jina moja na kifupisho, fomu nikajaza majina matatu, na kwenye kazi nikaandika "mjasiriamali" kwa kuwa niliona "mchuuzi wa dagaa" haipendezi. Pingamizi likaja: mtu huyu si yule. Nilikuwa na muda wa kukata rufani, nikautumia kulalamika barazani. Ukapita.

Basi jazeni nakala ya mazoezi kwanza. Jina lifanane herufi kwa herufi kwenye kadi ya chama, orodha ya wapiga kura na fomu. Wadhamini wazidi idadi inayotakiwa. Ubunge unataka wasiopungua 25 waliojiandikisha jimboni, nyie tafuteni 40, maana kuna atakayekutwa amemdhamini na mwingine. Fomu irudishwe asubuhi, watu wawili, mmoja apige picha ya muhuri wa kupokelewa. Na kama ni mchuuzi wa dagaa, andika mchuuzi wa dagaa.

Hatua ya 8: Baada ya kura

Kazi ya wakala naiacha, vyama vinafundisha. Nitasema la baadaye, ambalo wengi hulala.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Tafuta ratiba, pelekeni watu watano, wavae vizuri, wakae mbele, wasiseme kitu. Diwani wetu aliyesaini alituona tukiingia na akafungua faili lake upya. Alilisema jambo letu karibu na mwisho wa kikao, kwa dakika mbili. Lilipelekwa kwenye kamati. Mwaka uliofuata vikundi viwili vya waanika dagaa vilipata mkopo mwezi Aprili, cha wavuvi hakikupata kwa sababu katiba yake haikuwa na tarehe. Tulikuwa tumemkaba diwani tukasahau karatasi zetu wenyewe.

Sasa tunajiandaa na uchaguzi wa mitaa wa 2029. Kijana wetu mmoja anayejua kompyuta alitaka kuuchapa upya ule mkataba uwe safi wa kuonyesha watu. Mzee akakataa, sahihi iko kwenye wenye doa. Upo kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku anamoweka leseni ya chombo, na ukimtembelea siku za mbalamwezi atakutolea.